Uji kwa Sauti ya Jirani

Mimi tangu utoto naiga watu. Shule sikuingia hata siku moja, kalamu sijui inashikwa mwisho gani, lakini mtu akiongea mbele yangu mara mbili, ya tatu naongea mimi, na yeye anageuka nyuma kuangalia kama amejisahau mahali. Landlord wetu wa Kimumu, hapa Eldoret, alikuwa anaongea kama mtu ameweka kiazi moto mdomoni. Nilikuwa nasimama nyuma ya choo ya ploti naita na sauti yake, "Nani amemwaga maji hapa?" na wanawake wanatoka mbio na fagio, kila mmoja anasema si mimi. Wakikuta ni mimi nacheka peke yangu, wananirushia maji ya sabuni.

Hiyo ploti ilikuwa nyumba sita zinaangaliana, bomba moja katikati. Nyumba ya kushikana na yangu alikaa mama wa uji. Watu walimwita hivyo tu. Jina lake nalijua, lakini hilo litabaki kwangu. Alikuwa anapika uji wa wimbi kabla ya jogoo, anautia kwa mtungi wa plastiki wa rangi ya njano, anauzungushia blanketi kuukuu ya mtoto, anaufunga mgongoni na leso. Ukimuona kwa ukungu ungesema amebeba mtoto mkubwa asiye na miguu. Halafu anazunguka mageti.

Mageti ya huko kwetu ni mabati marefu, huoni ndani, wa ndani hakuoni nje. Kuna kadirisha kadogo tu ka kupitisha mkono kufungua kufuli. Kwa hivyo kastoma hamjui muuzaji kwa sura. Anamjua kwa sauti. Ukisikia sauti yako ya kila siku, unatoa mkono na jagi kwa hako kadirisha, unamiminiwa, unaongezewa nyongeza kidogo juu, mkono unarudi ndani. Kuna watu walinunua uji wake miaka na hawangekuambia kama ni mrefu au mfupi.

Alikuwa anaita hivi: "Uuuji... uji wa wimbi... wenye nyumba." Hiyo ya mwisho ilikuwa inaanguka chini, kama mtu anashusha mzigo. Na katikati kulikuwa na kikohozi kimoja, kadogo, kakavu, ka moshi. Hako kikohozi ndiko kalinipa kazi. Kuiga mtu akiongea ni rahisi. Kuiga mtu akikohoa, inataka usikize siku nyingi. Nilipokapata, nilikafanya pale kwa bomba mbele ya watu wote, na yeye mwenyewe alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

Akaniambia, "Dada, siku moja nitalala mpaka jua linichome, wewe uende na hiyo sauti uniuzie."

Nikamwambia mimi na biashara wapi na wapi. Mimi nilikuwa nafulia watu nguo. Nguo haikatai bei, haisemi uji ni mwepesi, haikuulizi jana ulikuwa wapi.

Halafu kura ikapigwa, matokeo yakasomwa, na mji ukageuka. Sitaeleza yote, wenye walikuwa Eldoret wanajua, na wenye hawakuwa wamesikia ya kutosha. Nitasema tu ya hapo kwetu. Moshi ulitoka pande zote, hata hukujua upepo unaenda wapi. Watu wa kabila la mama wa uji ndio walikuwa wanatafutwa upande ule. Sisi wa kutoka magharibi tuliachwa, hiyo wiki angalau. Vijana walikuwa wanasimama barabarani, wanakuambia sema hiki, sema kile, wanasikiza ulimi wako unapinda wapi. Mimi walinisimamisha mara mbili. Mara ya kwanza nilisema kwa ulimi wangu. Mara ya pili, kwa uoga, nikasema kwa ulimi wao, na ulitoka safi kuliko wa mwenye aliniuliza. Akanipisha. Akaniita mama. Nilienda nyumbani nikajifungia, kwa sababu hapo ndipo nilijua huu mchezo wangu wa bomba unaweza kumpitisha mtu, na mwingine akikosa, hapiti.

Ploti ikabaki tupu. Watu walipanda malori, wengine walienda kambini. Mama wa uji alikuwa ameenda kuangalia dada yake siku mbili kabla moshi uanze, na hakurudi. Mwenye alisema amepanda lori alisema, mwenye alisema amekatwa njiani alisema. Kwangu kulibaki ule mtungi wake wa njano na blanketi yake. Watu wakiniuliza, nilikuwa nawaambia alinipa mkononi akasema, "Niwekee, narudi." Hivyo ndivyo niliwaambia. Miezi mingi niliwaambia hivyo.

Kulipotulia, nguo za kufua hazikuwepo. Nyumba zenye nilikuwa nafulia, tatu wenyewe walihama na mbili zilikuwa ukuta mweusi. Mwanangu wa Bungoma akatuma neno niende nikae kwake. Yeye ni mtoto mzuri, shida si yeye. Shida ni jikoni ya mke wake. Huyo msichana ana sauti tamu kama ya mtu anaimbia mtoto alale, na ndani ya hiyo sauti kuna sindano: "Mama, hiyo sufuria si ya mboga, ni ya maziwa. Mama, wewe kaa tu. Mama, hapo umekaa ndio napitia." Nilikaa kwake mpaka Krismasi ikapita na nikajifunza kula bila kutafuna, ndiyo nisisikike. Nikasema afadhali njaa ya Kimumu kuliko ugali wa kuombewa ruhusa, nikarudi nyumba yangu ya ploti.

Ndio nikaingia kwa ule mpango wa kanisa. Walikuwa wanasaidia wamama waanze biashara ndogo. Kulikuwa na mwalimu, mwanamke mdogo, mrembo, miwani, anaongea na pua kama mtu anashikilia harufu mbaya isiingie. Alitukalisha kwa benchi akasema: "Kila mmoja ajiulize rohoni mwake, je, mimi ni mtu wa biashara? Si kila mtu ni wa biashara. Ni sawa. Tusidanganyane." Alisema ya kujiuliza ni tatu. Ya kwanza, unaamka? Ya pili, ukipata hasara leo, kesho unatoka tena? Ya tatu, kastoma wako anakujua wewe? Halafu akasema atatupa unga, sukari na jiko, tujaribu mwezi moja, na mwisho wa mwezi atakuja kutembea na kila mtu asubuhi aone. Mwenye anafaa atatafutiwa kibanda, mahali pa kudumu. Mwenye hafai atapewa blanketi na maombi.

Tukitoka, nilirudia hayo maneno yote na pua yake, mpaka mama moja akaangusha unga. Lakini mimi mwenyewe unga wangu niliushika na mikono miwili. Blanketi na maombi ni kurudi Bungoma.

Siku ya kwanza niliamka. Hiyo swali nilipita. Nikapika, nikatia kwa mtungi wa njano, sikuwa na mwingine. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa Kimumu wa kukaa kwa nyusi. Nikaita na sauti yangu, "Uji! Uji moto!" Hakuna geti lilifunguka. Na watu walikuwa ndani, msinidanganye. Moshi ulikuwa unatoka. Redio ilikuwa inaongea. Nikiita, redio inapunguzwa. Nikipita, redio inarudi. Geti baada ya geti, hivyo, redio inazimika mbele yangu na kuwaka nyuma yangu, kama mimi ndio upepo wa kuzima taa.

Siku ya pili, hivyo hivyo. Uji niliunywa mimi, nikanywesha na kuku wa landlord. Nilienda kuchukua sukari kwa duka ya Msomali mmoja wa pale stage ya matatu, mzee mpole, anakupimia huku anaangalia mbali, na nikamlilia kidogo. Akaniambia kwa ile sauti yake ya kooni, polepole, kwamba hapa siku hizi hakuna mtu anafungulia sauti asiyoijua. Akasema hata yeye mwenyewe akipelekea mtu mchele, anasimama nje anaongea kwanza habari ya ng'ombe na mvua mpaka wamtambue.

Siku ya tatu niliamka na hasira. Nilifika barabara yetu, ile ya kutoka lami mpaka kwa ploti, ukungu hata mkono wangu siuoni vizuri. Nikasimama kwa geti la kwanza. Na sijui niseme nilifikiria, sikufikiria. Ilitoka tu, kama ile ya landlord nyuma ya choo, ya kuchokoza.

"Uuuji..." Kikohozi. "Uji wa wimbi... wenye nyumba."

Redio ikazimwa kabisa. Si kupunguzwa. Nikasikia slipas zinakuja polepole kwa saruji. Kadirisha kakafunguka, mkono wa mwanamke ukatoka na jagi, nikamimina. Nilipoweka nyongeza, sauti ya ndani ikauliza, chini sana, "Ulikuwa wapi?"

Nikajibu na hiyo sauti, "Nilikuwa tu."

Mkono ukarudi. Sikuamini. Nikaenda geti la pili, nikaita. Likafunguka. La tatu. Siku hiyo nilirudi na mtungi mwepesi mgongoni, na nilikuwa nacheka peke yangu barabarani. Nilisema, kumbe mimi ni mfanyabiashara. Kumbe nilikuwa nakosa tu mdomo.

Wiki mbili niliuza hivyo. Mikono niliijua kuliko watu. Kuna mkono wa hina. Kuna mkono wa mtu wa kulima, kucha nyeusi. Kuna mkono wa geti la bluu, la mwisho kabla ya ploti yetu, mkono wa mzee, kidole cha mwisho kimepinda kama ndoano. Hawakuwa wanaongea sana. Na kitu moja kilikuwa kinanisumbua: hakuna mtu alichungulia. Kadirisha kanatosha jicho. Mtu mwenye hajamuona jirani mwaka mzima, na alisikia amekufa, si angechungulia aone ni yeye? Kuna asubuhi jua lilitoka mapema, ukungu hakuna, na mwanamke wa hina alisahau akafungua geti lenyewe. Akaniona hivi, uso kwa uso. Mimi ni mweusi mrefu, mama wa uji alikuwa mfupi wa maji ya kunde. Nikajua nimeshikwa. Yeye akaangalia chini, akanyosha jagi, akasema, "Niwekee kama kawaida, mama wa uji."

Nilitembea nikifikiria hiyo siku yote. Kastoma mwenye amedanganywa, huyo namjua. Kastoma mwenye anaomba udanganyifu na jagi mkononi, huyo sikuwa nimefundishwa.

Halafu kikohozi kikaanza kutoka bila kuitwa. Nikiwa kwa bomba nachota maji, kinatoka. Nikiwa nasalimia mtu na sauti yangu, kinapita katikati, kakavu, kamoja. Mimi sina kifua. Nilikunywa tangawizi, nikanywa maji ya ndimu. Msomali wa duka siku moja alinipimia sukari, akasimama na kijiko juu, akaniuliza nimekuja na nani. Nikamwambia niko peke yangu. Akaangalia mlango kwa muda, akasema sawa, akamaliza kupima.

Wiki ya mwisho, siku moja kabla mwalimu aje, nilifika geti la bluu. Nikaita. Mkono wa kidole kilichopinda ukatoka, lakini jagi lilikuwa halijatoka nao. Ulikaa tu hapo kwa kadirisha, umefunguliwa. Na mzee, sauti ya mtu amekaa nayo kooni miezi, akasema:

"Mama, ile siku ulikuja hapa ukaita, tulikuwa ndani."

Nikafungua kifuniko cha mtungi.

"Tulijua ni wewe. Mama ya nyumba, bibi yangu, alikuwa ameshika kufuli tayari. Mimi ndio nilimshika mkono. Barabara yote walikusikia, mama. Si mimi peke yangu. Lakini mimi ndio nilimshika mkono."

Nilitaka kusema mzee, umekosea mtu. Mdomo ukafunguka na kikatoka kikohozi. Yule mzee akakisikia na akaanza kulia, kilio cha mwanaume, cha kuvuta pua. Alipochoka kulia akatoa jagi, nikalimiminia uji, nikaweka nyongeza, nikaondoka.

Ndio nikageuka pale kwa ploti nikaangalia barabara. Na hapo ndipo nilifahamu kitu chenye kingekuwa wazi kwangu tangu mwanzo kama si furaha ya kuuza. Nilikuwa nimejaribu hiyo sauti kwa barabara ingine pia, ile ya nyuma, na ile ya kuenda shule, na hakuna geti lilifunguka huko. Yaliyokuwa yananifungulia yote yalikuwa ya barabara moja, yamefuatana, kutoka lami. Mama wa uji alikuwa amekuja akitoka kwa gari pale lami, mtungi mgongoni, hiyo siku. Akaita geti la kwanza, hawakufungua. Akaita la pili. Alikuwa anaita ile sauti yake ya uji, kwa sababu ndiyo walikuwa wanaijua. Alifuata hiyo barabara mpaka kwa bluu. Na baada ya bluu ni ploti yetu. Na kwa ploti yetu, mlango wenye ulikuwa na mtu ni moja.

Sasa nitasema vile ilikuwa.

Hakunipa mtungi mkononi. Ilikuwa mchana, saa nane hivi, jua kali na moshi. Nilikuwa nimejifungia, nimeweka meza kwa mlango. Nikasikia kwa mlango, pole pole, "Wenye nyumba." Na kikohozi. Mtu yeyote mwingine wa hiyo ploti angefungua, kwa sababu angejua ni yeye. Mimi sikujua. Mimi ndio mtu moja Kimumu yote mwenye hakuweza kujua, kwa sababu hiyo sauti niliweza kuifanya mimi mwenyewe, na kikohozi chake, na nikasema kama mimi naweza, kuna mwingine anaweza. Nikasema ni wale vijana. Nikasema wamejua ni nani nitafungulia, na wamekuja na yeye mdomoni. Kwa hivyo nilifanya kile najua kufanya. Nikachukua sauti ya mwanaume, ya kifuani, nzito, ya ulimi wa wale wa barabarani, nikanguruma, "Nani huyo? Ngoja nitoke."

 Nikasikia kitu kinawekwa chini kwa saruji, pole, kama mtu hataki kusumbua. Halafu miguu, inakimbia.

Nilifungua jioni. Mtungi ulikuwa hapo, tupu, na blanketi imekunjwa juu yake vizuri.

Kwa hivyo mwalimu alipokuja kesho yake, na kalamu yake na viatu vya kuogopa matope, alinikuta sijalala na uji umeiva. Alinitazama nikifunga mtungi mgongoni akaandika kitu. Tukaanza kutoka lami. Nilimwambia asimame nyuma kidogo. Nikaita vile nimezoea, na mageti yakafunguka moja baada ya lingine, mikono ikatoka, na nikisikia kalamu inaenda nyuma yangu nilijua anaandika mazuri. Alinong'ona na pua yake, "Mama, hawa watu wanakujua kabisa." Swali ya tatu hiyo. Nilikuwa nimepita zote. Ilikuwa imebaki geti moja, halafu nipate kibanda changu na nisione Bungoma tena.

Kwa bluu nikaita. Mkono ukatoka. Hauna jagi. Nyuma yake, kwa mwanya wa chini, nikaona miguu minne, ya mwanaume na ya mwanamke. Wote wawili walikuwa wamekuja.

"Jana hukutujibu," mzee akasema. "Umetusamehe?"

Nataka mtu aelewe vile ilikuwa rahisi. Neno moja na ile sauti. Ndiyo. Lingetoka tamu, na kikohozi chake, na lingeshuka chini mwisho kama mzigo. Wangelala hiyo siku mara ya kwanza. Na mimi ningekuwa nimejisamehe pia kwa mdomo wa mama wa uji mwenyewe, mbele ya mwalimu, na ningepata kibanda. Ulimi ulikuwa umeshakaa mahali pake. Niliusikia umekaa, na si mimi nimeuweka.

Nikaung'ata. Nikang'ata mpaka chumvi ya damu. Halafu nikasema na sauti yangu hii mbaya ya kuparuza, yenye hakuna mtu amewahi kuifungulia:

"Mzee, mimi si yeye. Mimi ni jirani yake wa hapo kwa ploti. Alipotoka kwenu alikuja kwangu, na mimi nilimfukuza."

Mkono ulikaa kidogo. Halafu ukarudi ndani, polepole. Kadirisha kakafungwa. Nyuma yangu nikasikia kingine kinafungwa, na kingine, mpaka kule lami, chuma kwa chuma, kwa mpangilio.

Mwalimu aliniuliza kama nina wazimu. Hakuuliza vibaya, alikuwa ameingiwa na baridi. Alisema kwa kweli hawezi kuandika kwamba nafaa, kastoma wote wamefunga. Na aliniuliza kitu kingine tukirudi, akiwa ameangalia viatu vyake. Aliniuliza mbona nilikuwa namwambia asimame nyuma, na yule mama mwingine wa kuita alikuwa anatembea mbele yangu.

Nikamwambia tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Akafunga daftari.

Nilirudi nikaanza kufunga vitu vya Bungoma. Sufuria mbili, jiko, nguo. Mtungi niliuweka mwisho, sikujua utapandaje gari. Kesho yake asubuhi nikasikia mlango unagongwa. Hakuna aliyeita, unagongwa tu. Nilikuwa nimejiapia kitu, usiku huo, kwa hivyo sikuuliza ni nani. Nilifungua.

Alikuwa mzee, mfupi, kofia ya sufu, sijawahi kumuona. Kidole cha mwisho kimepinda. Ameshika jagi. Nyuma yake bibi yake, na nyuma ya bibi, mwanamke wa hina. Walisimama wananiangalia uso, na mimi nawaangalia, kama watu wamekutana matangani na hakuna maiti.

"Tumekuja kununua," akasema.

Nikawaambia sijapika. Wakasema watangoja. Walikaa kwa ndoo na kwa saruji, hawakuongea, mpaka uji ukaiva. Nilipommiminia mzee na kutaka kumwekea nyongeza, akafunika jagi na mkono. Akaonyesha mtungi wa njano kwa pembe. "Hiyo nyongeza ni yake," akasema.

Sikuenda Bungoma. Mageti sikuzunguka tena, na nikasema sitazunguka. Landlord, na kiazi chake mdomoni, alinikubalia niweke meza nje ya ploti, pale barabara inaishia, mahali mtu ananiona uso kabla hajanisikia. Mwalimu alisikia akaniletea unga, akasema hajaniandika popote, ni wa kwake. Siiti. Nakaa. Watu wanakuja, wanaponda uji wangu eti ni mwepesi, naiga vile wameponda, wanacheka, wananunua. Na hakuna mtu wa barabara hiyo anakubali nyongeza. Kila nyongeza inaingia kwa kikombe kimoja, na hicho kikombe nakiweka juu ya mtungi wa njano, mwisho wa meza. Nikigeuka kupuliza jiko, nikirudi saa ingine, kimenywewa, kimepinduliwa chini juu, vile mwanamke anapindua akishiba. Labda ni mtu wa boda boda. Mimi sijawahi kukaa kumvizia, na sitamvizia.

Mwalimu hupita. Miwani imekuwa minene, pua ni ile ile. Juzi alikaa, akaniuliza kama sasa nimejijua, nafaa biashara au sifai. Nikamwambia mimi nimemshikia mtu tu, mwenyewe akirudi atasema.

Akaangalia mwisho wa meza. Halafu akaniambia pole na hicho kikohozi, nimekaa nacho sana.

Sikuwa nimekohoa. Nikamwambia asante, nikammiminia.